Sikiliza Mafuta: Kupika Dengu na Mboga kwa Ladha ya Kihindi, Jikoni Kwako

Katika jengo nililowahi kupanga pale Upanga, Dar es Salaam, ukipanda ngazi saa sita mchana unajua nani anapika nini kabla hujafika mlangoni kwako. Ghorofa ya pili ilikuwa na harufu moja ambayo kwa miaka miwili niliamini ni ya viungo ishirini. Siku niliyobisha hodi kuomba chumvi nikamkuta Masi amesimama mbele ya jiko. Sote tulimwita hivyo. Kwa Kigujarati Masi ni dada wa mama yako. Alikuwa na kikaango kidogo cha kukaangia yai moja, na pembeni kopo la bati la mviringo lenye vikopo saba ndani yake. Akachota kwenye vikopo vinne tu. Mafuta yakalia, akayamwaga juu ya sufuria ya dengu, chwaaa, akafunika haraka kabla mvuke haujatoroka.

"Haya, chumvi. Umeleta kikombe?"

Nilikuwa nimesahau chumvi.

Kile alichokifanya, Wagujarati, watu wa jimbo la Gujarat magharibi mwa India, hukiita vaghar. Ukienda Delhi utasikia tadka. Ni mafuta ya moto yaliyokaangiwa viungo vizima, kisha yakaunganishwa na chakula. Mapishi ya nyumbani ya Kihindi yasiyo na nyama yanasimama hapo, wala si kwenye wingi wa masala. Ukishaijua vaghar, kilichobaki ni kuamua utaimwaga juu ya nini. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye mafuta, halafu utapita kwenye vyakula sita au saba ambavyo mtu wa kawaida anaweza kuvipika jioni akitoka kazini.

Sokoni: majina kwanza

Kabla ya pesa kutoka mfukoni, tuelewane majina, maana hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Ukiomba ndengu Nairobi utapimiwa choroko, zile za kijani. Ukiomba dengu Dar utapewa za kahawia zenye ncha kama mdomo wa kifaranga. Vile vidogo bapa, vya rangi ya chungwa vikishamenywa, Dar ni adesi, Nairobi ni kamande. Wahindi wana neno moja, dal, kwa jamii yote hii ikishapasuliwa, na pia kwa mchuzi unaotokana nayo.

Ya kununua kwanza ni mbaazi. Ndiyo, mbaazi hizi hizi tunazozipika kwa tui la nazi tukala na mahamri asubuhi. Zikishakobolewa na kupasuliwa zinakuwa za njano, na Wagujarati huziita tuver. Mbaazi za Lindi, Mtwara na Manyara zimekuwa zikivuka bahari kwenda India miaka yote. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kutoka nje, bei kwa mkulima wa Tanzania iliporomoka. Kwa hiyo mtu akikuambia dal ni chakula cha watu wengine, mwulize hizo mbaazi zimelimwa wapi.

Viungo vya kuanzia ni hivi, na usiongeze kwa sasa:

- Haradali, mbegu ndogo nyeusi.
- Uzile, ambao wengine huita bizari nyembamba, jira, au bizari ya pilau. Nunua mzima, si wa kusaga.
- Manjano ya unga.
- Giligilani ya unga, na majani yake mabichi (kotmiri, au dania kwa wa Kenya).
- Pilipili kavu nyekundu, nzima, na pilipili mbichi.
- Mvuje.
- Tangawizi mbichi, ndimu, na sukari guru.

Majani mabichi ambayo Wagujarati huyaita limdo, membamba ya kijani yanayouzwa yakiwa bado kwenye kijiti, ukiyapata Kisutu, Darajani au Marikiti ya Mombasa, chukua. Usipoyapata, endelea na safari. Usiweke jani la bei (bay leaf) mahali pake, harufu haifanani hata kidogo.

Neno kuhusu mvuje. Pwani wengi wetu tunaujua kama dawa: mtoto anafungiwa kipande asipatwe na jicho, au unafukizwa nyumba ikiwa nzito. Ukiufungua unanuka kiasi cha kukufanya uutupe. Lakini ukigusa mafuta ya moto harufu ile inageuka ikawa kama kitunguu na kitunguu saumu vilivyokaangwa pamoja, na hiyo ndiyo kazi yake. Wajaini, wafuasi wa dini ya Kijaini ya India, na Wahindu wengi wa madhehebu ya Swaminarayan hawali kitunguu wala kitunguu saumu, hivyo mvuje unashika nafasi. Wajaini wanakwenda mbali zaidi, hata kiazi hawali kwa kuwa hung'olewa ardhini. Mvuje wa unga wa kwenye kopo kwa kawaida umechanganywa na unga wa ngano au wa mchele, basi ukimpikia mtu asiyeweza ngano, soma kopo. Na ufungie kwenye chupa yenye mfuniko wa kukaza. Mimi niliuacha kabatini kwenye karatasi, sukari yote ikanuka.

Vaghar, hatua kwa hatua

Harufu ya viungo hivi inayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ukitupa uzile kwenye maji yanayochemka unapata maji yenye uzile. Ukiukaanga sekunde chache kwenye mafuta, sufuria nzima inabadilika. Hiyo ndiyo sababu ya kazi yote hii ya dakika mbili.

1. Chukua kikaango kidogo au karai ndogo, kavu kabisa. Tone la maji likibaki chini, mafuta yatakurukia usoni. Weka viungo vyote karibu, vikiwa vimeshapimwa. Ukishaanza hakuna muda wa kutafuta kijiko.

2. Mimina vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya alizeti, au samli, moto wa kati. Tupia punje mbili za haradali. Zikikaa kimya, subiri. Zikiruka papo hapo, mafuta yameiva.

3. Weka haradali, nusu kijiko cha chai, na ushike mfuniko karibu. Zitapasuka kama mvua inavyoanza kwenye bati, moja moja, kisha zote kwa pamoja. Sikiliza. Mlio ukianza kupungua, nenda hatua inayofuata. Haradali isiyopasuka ni chungu mdomoni, na iliyosahaulika motoni ni chungu vilevile.

4. Weka uzile, nusu kijiko cha chai. Utachemka na povu dogo na kugeuka kahawia ndani ya sekunde 5 hadi 10. Rangi unayoitaka ni ya karafuu iliyokauka vizuri, si ya mkaa.

5. Tupia pilipili kavu 1 au 2 na majani ya limdo 6 au 7. Majani yana maji, yatarusha mafuta. Rudi nyuma hatua moja.

6. Zima moto. Sasa hivi, si kabla, weka mvuje kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, na unga wowote unaoutaka: manjano au pilipili ya unga. Unga unaungua haraka kuliko mbegu. Moto uliobaki kwenye mafuta unautosha.

7. Mwaga juu ya chakula, funika dakika 2, halafu ndipo ukoroge.

Mara ya kwanza nilipojaribu peke yangu nilianza na manjano, kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu na mkono. Yakawa meusi kabla sijashika haradali. Nikaogopa, nikamwaga maji, moshi ukajaa mpaka sebuleni, na haradali moja ikanichoma shingoni. Nilipomsimulia Masi hakucheka. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unatazama au unasikiliza?" Kwake vaghar ni kazi ya sikio. Aliweza kuwa anakata kabichi amelipa jiko kisogo, na akajua haradali imeisha kupasuka.

Ukiunguza, mwaga. Usijaribu kuokoa. Vijiko viwili vya mafuta ni hasara ndogo kuliko sufuria nzima ya dal chungu.

Kuna namna mbili za kuitumia. Ya juu, yaani unaimwaga mwishoni juu ya kilichoiva: ndiyo ya dal, ya mseto na ya mtindi. Ya chini, yaani unaifanya ndani ya sufuria, kisha unatupia mboga humo humo: ndiyo ya viazi, kabichi, bamia na ndugu zao. Kwa ya chini huhitaji kuzima moto kwenye hatua ya sita, ila uwe na mboga mkononi tayari kutupia mara tu baada ya unga.

Dal ya mbaazi

Hii ndiyo ningekushauri uianze. Inatosha watu wanne kwa wali.

Osha kikombe 1 cha mbaazi zilizopasuliwa mpaka maji yawe karibu meupe. Zile za dukani zinazong'aa zimepakwa mafuta zisiliwe na wadudu. Osha kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu. Loweka nusu saa. Weka kwenye sufuria na maji vikombe 4, nusu kijiko cha chai cha manjano na tone la mafuta. Bila tone hilo povu litapanda na kulizima jiko lako. Chemsha, engua povu, punguza moto, acha dakika 45 hivi, ukiongeza maji ya moto zikikauka. Kwa sufuria ya presha ni filimbi nne. Chumvi usiweke bado.

Zimeiva ukizibonyeza kwa kidole zikawa uji. Sasa zipige: kwa mchapo, kwa mwiko, hata kwa chini ya upawa, mpaka usione punje. Wagujarati wanapenda dal nyepesi, ya kunywa karibu. Ikiwa nzito ongeza kikombe cha maji ya moto.

Rudisha motoni. Tia chumvi kijiko 1 cha chai, tangawizi iliyoparuzwa kijiko 1 cha chai, pilipili mbichi 1 iliyopasuliwa, nyanya 1 iliyokatwa, karanga mbichi kiganja kimoja, na kipande cha sukari guru ukubwa wa jiwe la bao. Acha ichemke dakika 10 karanga zilainike. Karanga na guru vinashtua watu, najua. Lakini ndivyo dal ya Gujarat ilivyo: tamu kidogo, chachu kidogo, na pilipili nyuma yake. Wapunjabi hawafanyi hivyo, wao wanataka vitunguu, nyanya na samli nyingi. Sisi wa pwani, tuliozoea ukwaju na sukari kwenye mchuzi mmoja, tutaelewana na Wagujarati upesi.

Fanya vaghar ya juu, mwaga, funika. Mwisho kamua nusu ndimu na utawanye kotmiri. Ndimu usiichemshe.

Onja kabla hujapakua. Ikiwa imepooza, mara nyingi inadai chumvi au ndimu, usikimbilie masala. Hili ndilo kosa ninaloliona kwenye majiko ya rafiki zangu: chakula kikipooza wanaongeza kijiko cha garam masala, kinakuwa kimepooza na kinanuka mdalasini.

Mseto, au khichdi

Wazee wa pwani wanaujua mseto: mchele na choroko sufuria moja. Khichdi ni huo huo. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Mombasa na Kilwa katika karne ya 14, alipofika India aliwakuta watu wakila mchele uliopikwa na choroko, juu yake samli, asubuhi. Akaliandika jina lake: kishri.

Kikombe 1 cha mchele, kikombe 1 cha choroko zilizopasuliwa. Osha pamoja, loweka dakika 20. Maji vikombe 5, manjano robo kijiko cha chai, chumvi. Chemsha, punguza moto, funika, koroga mara moja moja zisishike chini. Baada ya nusu saa hivi inakuwa laini, si ya kuchambuka kama pilau. Usitumie mchele wako wa basmati wa sikukuu hapa. Mchele wa Kyela au wowote unaoshikana ndio unaofaa.

Vaghar yake ni ya samli, na uzile tu, mvuje kidogo, punje nne za pilipili manga. Hapo chumvi na samli vinatosha. Hiki ndicho chakula Masi alinipandishia nilipokuwa na malaria, kwenye bakuli la bati limefunikwa na sahani, na kwa siku tatu sikutaka kingine.

Kadhi, mchuzi wa mtindi

Mseto bila kadhi unaliwa, lakini ukiwa nayo ni kitu kingine. Hapa unahitaji mkono usiochoka kwa dakika kumi.

1. Chukua mtindi kikombe 1, bora ulio mchachu kidogo, wa jana au juzi. Piga na vijiko 2 vya chakula vya unga wa dengu mpaka mabonge yote yaishe. Hakikisha sasa, maana baadaye hayatoki.

2. Ongeza maji vikombe 2, tangawizi na pilipili mbichi zilizotwangwa pamoja, na sukari kijiko 1 cha chai.

3. Weka kwenye moto mdogo na ukoroge bila kuacha, upande mmoja, mpaka ichemke. Ukiacha mtindi unakatika, unaona maji huku na chembe nyeupe kule. Unga wa dengu ndio unaoushika usikatike, ila unahitaji msaada wako. Ikishachemka unaweza kupumua.

4. Tia chumvi sasa, acha itokote dakika 10 ili ubichi wa unga uondoke. Onja: ikiwa bado ina ladha ya dengu mbichi, dakika tano zaidi.

5. Vaghar ya samli: haradali, uzile, punje kama kumi za uwatu, karafuu 2, kijiti kidogo cha mdalasini, limdo. Uwatu ukizidi utaharibu, ni mchungu.

Kadhi nzuri ni nyepesi kama maziwa ya chai na rangi yake ni ya maziwa hayo hayo. Hakuna manjano humu. Wa Punjab wanaweka, na wanatia bajia ndani, ikawa nzito na ya njano; hiyo ni kadhi yao na ni tamu kwa namna yake.

Viazi vya haradali

Pwani tunasema mbatata, Mumbai wanasema batata, na wote tumelipata neno kwa Wareno. Chemsha nusu kilo na maganda, usiivishe mno, menya, kata vipande vya kuingia mdomoni. Fanya vaghar ya chini kwa vijiko 3 vya mafuta: haradali, uzile, pilipili mbichi 2, limdo, mvuje, halafu manjano nusu kijiko na mara moja viazi. Chumvi. Geuza kwa upole, kisha viache dakika tano bila kuvigusa vishike rangi chini. Watu hawawezi kuacha kukoroga, na hapo ndipo viazi vinapokuwa ugali. Maliza kwa giligilani ya unga kijiko 1 cha chai, ndimu na kotmiri.

Vikibaki, viponde, weka ndani ya mkate na ukaange kwenye kikaango.

Kabichi ya dakika tano

Wagujarati huiita sambharo, na hukaa pembeni ya sahani kama kachumbari yetu inavyokaa. Kabichi robo iliyokatwa nyembamba sana, karoti 1 iliyokatwa vijiti, pilipili mbichi ndefu 2 zilizopasuliwa. Vaghar ya chini: haradali, mvuje, manjano. Tupia vyote, moto mkali, chumvi, geuza dakika tatu, nne zikizidi. Bado zilie mdomoni. Ndimu. Basi.

Bilinganya la kuchoma

Mwenye jiko la mkaa anamzidi mwenye gesi hapa, na afurahi, si mara nyingi. Wagujarati huliita oro, kaskazini ni bharta. Chagua mabilinganya 2 makubwa, mepesi kwa ukubwa wake. Lililo zito sana lina mbegu nyingi. Litoboe kwa kisu sehemu kadhaa lisipasuke, lipake mafuta kidogo, lilaze juu ya makaa yaliyoshika jivu jeupe. Geuza kila baada ya dakika nne tano. Ganda litakuwa jeusi na kukakamaa, kisha bilinganya zima litalegea kama puto lililotoka upepo. Usiogope weusi. Ukiligusa na koleo likadidimia mpaka katikati, ni dakika 15 hadi 20 hivi, toa.

Liweke kwenye bakuli, funika kwa sahani dakika 10. Moshi unaingia ndani na ganda linaachia. Menya kwa vidole, ukivilowesha kwenye maji kila mara. Usilioshe bilinganya lenyewe bombani, utaosha moshi wote ulioutafuta. Vipande vidogo vya weusi vikibaki, viache. Ponda kwa uma.

Kwenye karai: mafuta vijiko 3, uzile, kisha kitunguu 1 kikubwa kilichokatwa kidogo kidogo, kikaange mpaka kiwe cha dhahabu kabisa. Kitunguu saumu punje 4 na tangawizi, dakika moja. Nyanya 2, chumvi, manjano, pilipili ya unga, giligilani ya unga kijiko 1. Kaanga nyanya mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Mafuta yakijitenga maji yamekwisha na ladha imekaza. Tia bilinganya, moto mdogo dakika 7. Kotmiri juu. Linaliwa na chapati, au na mkate wa mtama, au, kama ninavyolila mimi nikiwa peke yangu, na ugali.

Kuhusu chapati

Chapati yetu ya kukunjwa na mafuta ni ndugu wa paratha. Ile ya kila siku ya Kigujarati, rotli, ni nyembamba kama karatasi, unga wa atta, maji, chumvi kidogo na mafuta kijiko kimoja, inaokwa kikavu na kupakwa samli ikishaiva. Kuieleza kunahitaji mwongozo wake. Kwa sasa sukuma yako kama ulivyozoea, ila nyembamba zaidi.

Ukitaka vyote mezani ndani ya saa moja na nusu

Loweka mbaazi kitu cha kwanza, kabla hata ya kuvua viatu. Nusu saa hiyo kata kila kitu. Mbaazi zikiingia motoni, viazi vichemke jiko la pili. Zikiendelea kuiva, osha mchele, na viazi vikitoka uupike jiko hilo hilo. Mbaazi zikishapigwa na kurudi motoni na karanga zake, wali umeshaepuliwa, wewe unamaliza viazi. Kabichi ni ya mwisho kabisa, watu wakiwa wameshanawa. Vaghar ya dal fanya wageni wakiwa wamekaa, wausikie ule mlio. Masi alikuwa akifanya hivyo kwa makusudi, kisha anajifanya amechelewa.

Kilicholala

Dal ikilala inakuwa nzito. Ongeza maji, tia mchicha uliokatwa, chemsha, fanya vaghar mpya ya kitunguu saumu, na una chakula kingine ambacho hakuna atakayekijua ni cha jana.

Chapati nne zilizolala, zile ngumu, zichane vipande. Piga mtindi kikombe 1 na maji nusu kikombe. Fanya vaghar ya chini kwenye karai: haradali, uzile, kitunguu saumu, limdo, manjano, pilipili ya unga. Punguza moto kabisa, mimina mtindi ukikoroga, chumvi, kipande cha sukari guru. Ukipata joto tupia chapati, geuza dakika tatu au nne mpaka zinywe mchuzi lakini zisiwe uji. Kotmiri. Hii ni vaghareli rotli, kifungua kinywa cha nyumba nyingi za Kigujarati, na watoto wangu huila kabla ya shule. Siku hizi usiku napika chapati nne za ziada kwa makusudi, na asubuhi nakuta mbili.